Jina Lililoitwa Katika Mto Mpya

Ipo nchi moja ambayo sitaitaja, kwanza kwa sababu ni ndogo na ina haya, na pili kwa sababu nina familia. Si hii yetu. Hii yetu tunaijua, mambo yake yamenyooka na kila mtu ameridhika. Nchi ninayoisema iko mbali sana, na ukitaka kufika huko utajaza fomu mpaka kidole kiote sugu.

Mkuu wa nchi hiyo alikuwa na majina thelathini na moja, na kila sikukuu aliongezewa moja. Waraka wa kutangaza jina jipya ulikuwa ukichelewa kufika mitaani, kwa hiyo wananchi hawakujua jina lipi ni lake na lipi ni la mtu wa kawaida. Wapo waliosikia jina geni likitajwa wakanyamaza, halafu wakaitwa mahali kueleza kwa nini wamenyamaza. Basi watu, bila kulazimishwa na yeyote, wakajizoeza kwamba jina lolote likiitwa hadharani kwa sauti ya juu, linajibiwa neno moja tu: Adumu. Muuguzi akisimama mlangoni na kuita mgonjwa aingie kwa daktari, benchi zima lilijibu Adumu, na mgonjwa mwenyewe alijibu kuwashinda wote huku amejishika tumbo. Mwalimu alipoita mahudhurio asubuhi, darasa lilitoka jasho kabla hajafika herufi K. Wageni waliona ajabu, lakini wenyewe walishazoea, na mazoea hayo yalikaa kooni hata akili ikiwa imelala.

Mji mkuu wa nchi hiyo una mto. Uliitwa jina la zamani ambalo sasa ni kosa kulitamka; siku hizi unaitwa Mto Mpya, ingawa maji ni yaleyale na yanatoka kulekule. Siku ya kuuzindua upya, Mkuu alitakiwa apigwe picha akiwa amesimama mbele ya mto uliojaa. Bahati mbaya ilikuwa kiangazi, na mto ulikuwa umeshuka hadi magotini. Wataalamu wakashauriana, wakafungua mageti ya bwawa la juu. Picha ilitoka nzuri sana, ipo kwenye stempu mpaka leo, na mto ukaamriwa ubaki umejaa vilevile.

Chini ya mji, mahali palipoitwa Bonde la Mchicha, watu walikuwa wakimwagilia matuta yao saa hiyo. Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba kuna picha. Watu kumi na wanne hawakutoka. Mmoja wao alikuwa Shomari, fundi viatu, miaka ishirini na sita, ambaye alikuwa ameshatoka na kusimama mahali pakavu, kisha akarudi kumfungua mbuzi wa jirani. Mbuzi alitoka. Dada yake Shomari, Siwatu, alikuwa juu ya tuta la barabara akayaona yote. Alimwona kaka yake karibu na kioski cha maji, pale mto unapopinda, amenyoosha mkono mmoja juu kama mtu anayesimamisha gari, halafu hakumwona tena.

Serikali haikukaa kimya. Iliunda Tume, na Tume ikakaa siku tisa, ikala vizuri, ikagundua kwamba maji hayakuwa na kosa. Kuhusu watu, Tume ilitandaza ramani ya mji mezani na kuona kwamba mahali panapodaiwa kuwa Bonde la Mchicha pamepakwa rangi ya kijani. Kijani kwenye ramani ni nyasi. Kwenye nyasi hapakai watu, na mtu ambaye hakai mahali hawezi kufia mahali hapo. Mwenyekiti alisema hajawahi kuona suala lililojieleza lenyewe kwa uwazi kiasi hicho. Waliobaki Bondeni wakapakiwa kwenye malori na kushushwa nyuma ya kiwanda cha saruji, katika makazi mapya yaliyoitwa Mtaa wa Shukrani, na jina hilo pia hawakulichagua wenyewe.

Mama yake Shomari, Bi Mwatumu, alikwenda ofisini mara kumi na moja kuomba hati ya kifo cha mwanawe. Makarani walimpokea kwa adabu. Walimpa kiti, wakafungua daftari, wakateremsha kidole ukurasa mzima, kisha wakamwambia kwa upole: "Mama, hakuna mtu wa jina hilo. Nenda ukapumzike."

*

Sasa niwaeleze desturi ya watu wa Bonde la Mchicha, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa kilichotokea.

Kwao, mtu aliyechukuliwa na maji asipopatikana huzikwa kwa jina. Ndugu wa damu huenda juu ya maji, palepale marehemu alipoonekana mara ya mwisho, akiwa na watu wasiopungua saba ambao si wa ukoo wake. Humwita mara tatu, kwa jina lake na la mama yake na la kwao. Kila mara wale saba hujibu: Ametangulia. Likishajibiwa mara ya tatu, kilio kimekwisha. Mama huinuka kwenye mkeka, huoga, huwasha moto, hupika, na watu wanakula. Lakini jina hilo huitwa safari moja tu. Likishaitwa limeshaitwa, hakuna kurudia, na haliitwi mahali pengine popote, hata kwa kufanya majaribio.

Mpaka hayo yanatokea, Bi Mwatumu alikuwa amekaa mkekani mwaka mmoja na miezi minne. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono ya kazi, aliyewahi kubeba magunia mawili ya mchicha mpaka sokoni bila kutua. Sasa alikaa amenyoosha miguu, akila anachopewa, asiwashe moto, asisuke nywele. Miguu ilivimba. Mhudumu wa afya wa mtaa aliibonyeza kwa kidole, shimo likabaki, akamwambia Siwatu pembeni kwamba mama yako asipoinuka mwaka huu, mwakani hata akitaka hataweza.

"Mama, inuka basi utembee kidogo tu, halafu urudi," Siwatu alimsihi.

"Ndugu yako yuko njiani bado," alijibu Bi Mwatumu. "Hajafika huko na hayuko hapa. Nikiinuka nitakuwa nimemwacha barabarani."

Lakini kufika mtoni hakukuwa rahisi. Kingo zote zilikuwa zimezungushiwa mabati yaliyochorwa samaki wanaocheka, na askari kila baada ya hatua mia. Njia halali ya kugusa maji ya Mto Mpya ilikuwa moja tu: Safari Elekezi ya Kayaki, mradi wa Wizara ya Mito, Maziwa na Mambo Mengineyo ya Majimaji. Kayaki ni vile vimtumbwi vyembamba vya plastiki ambavyo mtu huketi ndani yake kama mguu ndani ya soksi. Siwatu akaomba kazi ya kuongoza wageni.

Kwenye usaili hawakumuuliza kama anajua kuogelea. Walimuuliza, "Je, una kumbukumbu zozote?"

"Sina," alijibu Siwatu.

Wakampa kazi.

*

Kazi yenyewe ilikuwa kupiga kasia mbele na kusema maneno yaliyoandikwa. "Kushoto kwenu mnaona nyasi. Nyasi hizi zipo tangu kuumbwa kwa dunia." Nyasi hizo zilipandwa mwezi wa nane, juu ya jiko la mama yake. Kayaki zilipogonga vitu chini ya maji, alitakiwa kusema, "Huo ni mwamba wa asili." Mwamba wa asili namba moja ulikuwa ngazi za shule. Mwamba namba mbili ulikuwa paa la nyumba ya Mzee Kirobo, mmoja wa majirani zao wa Bondeni. Mwamba namba tatu, pale kwenye kona, ulikuwa kioski cha maji, na kila alipoutaja Siwatu aliangalia kasia lake mpaka wapite.

Nyuma kabisa, kayaki ya mwisho, alikaa Afisa Msikilizaji, Bwana Nyangalio, mtu mpole mwenye daftari ndani ya mfuko wa nailoni. Kazi yake ilikuwa kusikiliza kama mwongozaji ameongeza neno. Alikuwa msikivu kweli. Siku moja Siwatu alipumua kwa nguvu baada ya mwamba namba tatu, na jioni aliitwa kueleza maana ya pumzi ile.

Siwatu hakuhitaji mengi. Alihitaji watu saba. Lakini wageni walikuja wawili, watatu, siku nyingine watano na mmoja wao anaogopa maji. Miezi ikapita. Kila jioni alirudi Mtaa wa Shukrani, mama akamtazama usoni, naye akatikisa kichwa. Waliacha kuulizana kwa maneno.

Ndipo ikatangazwa kwamba Mheshimiwa Waziri mwenyewe, Daktari Mbwilo, atapanda kayaki kuadhimisha mwaka mmoja na nusu wa upya wa Mto Mpya. Atakuja na mke wake, katibu wake, wakurugenzi wanne na mtangazaji wa redio ya taifa, na tukio litarushwa moja kwa moja. Siwatu alihesabu kwa vidole. Wanane. Na Bwana Nyangalio, wa tisa.

Usiku ule wote alikuwa akifikiri, na asubuhi akammiminia mama uji kwenye bakuli. "Mama," alisema, "leo." Bi Mwatumu alivuta redio ya jirani karibu na mkeka.

*

Mheshimiwa alifika amevaa suti, na juu ya suti jaketi la kuokolea maisha, na juu ya jaketi nishani zake. Alitoa hotuba fupi ya dakika arobaini. Alisema kwamba maji ni uhai, na uhai ni maji, na serikali ndiyo inayojua tofauti. Alisema mataifa mengine yana mito lakini haina mwelekeo, ilhali mto huu unatoka juu kwenda chini kwa mujibu wa mpango. Watu walipiga makofi. Siwatu alisubiri makofi yaishe, akasogea na kuinama kidogo.

"Mheshimiwa, tukifika kwenye kona kuna desturi ya mto. Mwongozaji anaita jina mara tatu, wageni wanajibu kwa pamoja: Ametangulia."

Bwana Nyangalio alifungua daftari. "Dada Siwatu, hilo halimo kwenye maelezo. Hiyo desturi imeidhinishwa na nani?"

"Ni ya zamani, Afisa."

"Zamani ya lini? Hapa hapajawahi kukaa watu."

Aliyemwokoa Siwatu ni Waziri, ambaye alikuwa amelisikia neno desturi na macho yakamng'aa.

"Bwana Nyangalio, usituharibie. Watalii wanapenda desturi kuliko wanavyopenda vyoo. Mimi nimekuwa nikiuliza wizarani kila wiki, desturi yetu ya mto iko wapi? Kumbe binti anayo." Akamgeukia. "Hebu tufundishe, tusije tukaaibika hewani."

Wakafanya mazoezi palepale ukingoni. "Nikimaliza kuita, semeni: Ametangulia." Wakasema. "Tena." Wakasema. Walisema mara kumi, vizuri, kwa sauti zilizoshikana, mke wa Waziri akiwa na sauti ya kupendeza hasa. Mtangazaji alisema hajawahi kusikia viongozi wakipatana kiasi kile. Lakini jina lenyewe Siwatu hakuliita, kwa sababu haliitwi kwa majaribio. Kila mara alinyanyua mkono tu, akaushusha, nao wakajibu. Mnaona kosa liko wapi. Yeye hakuliona. Aliyalea matumaini kwa mwaka mzima, na mtu wa namna hiyo huona kitu kimoja tu mbele yake.

*

Walipita ngazi za shule. Walipita paa la Mzee Kirobo, ambapo mkurugenzi mmoja alikwama na kuusifu mwamba kwa uimara wake. Walipofika kwenye kona, Siwatu aliigeuza kayaki yake na kuzuia maji kwa kasia. Chini yake, kiasi cha mkono mmoja, aliona rangi ya bluu ya kioski. Wale wanane walijipanga mbele yake na Bwana Nyangalio nyuma yao, wametulia kwa heshima, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile Siwatu aliona huenda watu hawa, hata hawa, wanaweza kumfaa mtu. Akavuta pumzi na kuita, kwa sauti ambayo Bondeni waliitumia kuitana ng'ambo hadi ng'ambo:

"Shomari wa Mwatumu, wa Bonde la Mchicha."

Na wote wanane, kwa pamoja, wakajibu:

"Adumu."

Maji yaliendelea kupita. Siwatu aliwatazama. Nyuso zilikuwa tulivu kabisa. Hakuna hata mmoja aliyejua amesema nini. Kinywa kilikuwa kimesikia jina kwa sauti ya juu na kimefanya kazi yake. Kuacha katikati hakuwezekani, jina lilishatoka. Akanyanyua mkono kama walivyofanya kwenye mazoezi, akawaonyesha midomo yake, akaikunja polepole, A-me, wakaitikia kwa vichwa kwamba wameelewa.

"Shomari wa Mwatumu, wa Bonde la Mchicha."

"Adumu," walisema, kwa nguvu zaidi, kwa sababu sasa kila mmoja alikuwa na mawazo. Katibu aliwaza kwamba hili ni jina la thelathini na mbili na waraka umempita. Wakurugenzi waliwaza vivyo hivyo. Waziri aliwaza kwamba wakurugenzi wameupata waraka na yeye hakupelekewa, na kwamba kuna mtu anataka kiti chake. Hakuna aliyethubutu kuuliza Shomari ni nani. Bwana Nyangalio alikuwa ameshika kalamu juu ya ukurasa bila kuandika, midomo ikimcheza. Neno Bonde la Mchicha lilikuwa limetamkwa mara mbili mbele ya Waziri na Waziri ameitikia. Hakujua aandike kosa la nani.

Mara ya tatu sauti ya Siwatu ilikatika. Aliita kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Haikusaidia. Askari wa ukingoni walikuwa wameshasikia, na wafanyakazi wa daraja, na ukingo wote ukaitikia pamoja na Waziri, Adumu, mpaka ndege wakaruka kwenye nyasi za tangu kuumbwa kwa dunia.

"Wasikilizaji," mtangazaji alisema kwenye kipaza sauti chake, akiwa na machozi ya kizalendo, "mmesikia wenyewe. Mheshimiwa Waziri, kwa niaba ya serikali, anamtakia Shomari wa Mwatumu wa Bonde la Mchicha maisha marefu."

Siwatu aliweka kasia mapajani. Aliendelea na safari kwa sababu mkondo ulikuwa unakwenda. Alilia, na hakujificha, na Mheshimiwa alimwambia mke wake tazama vijana wetu wanavyolipenda taifa. Walipofika mwisho alimshika Siwatu bega na kumwambia desturi ile imepitishwa. Kuanzia kesho iitwe kila safari, asubuhi na mchana, na jibu liwe hilohilo lililotoka lenyewe moyoni, maana lile lingine la mazoezi lilikuwa na huzunihuzuni.

*

Njia nzima ya kurudi Mtaa wa Shukrani Siwatu alipanga uongo. Angesema waliitika vizuri. Angesema, Mama, walisema Ametangulia, mara tatu, na mke wa Waziri ana sauti nzuri. Hakukumbuka redio mpaka alipofika kwenye mlango wa jirani na kuikuta imesharudishwa, inapiga ngoma za taifa.

Saa tisa alasiri, jua likiwa kali, alisukuma mlango wao na kukuta mkeka umekunjwa na kusimamishwa ukutani.

Bi Mwatumu alikuwa jikoni, ameegemea ukuta kwa mkono mmoja. Amefagia. Ameoga, nywele zimesukwa mabutu, maji yanamdondoka shingoni. Miguu yake ilikuwa minene kwenye sakafu na ilitetemeka, lakini alikuwa amesimama, na moto ulikuwa unawaka, na sufuria la mchicha lilikuwa linachemka na nazi. Siwatu alisimama mlangoni. Hili ndilo alilolitaka mwaka mzima, alilolipigia kasia kila siku, na lilimtisha.

"Mama."

"Nilisikia," alisema Bi Mwatumu. "Nilisikia yote. Uliita vizuri, mwanangu. Mara ya tatu sauti ilikukatika lakini uliita vizuri."

"Mama, wale watu wanajibu hivyo kwa kila jina. Hata mimi nikienda zahanati wananijibu hivyo. Unajua."

"Najua. Mimi si mgeni nchi hii." Alikoroga sufuria, akaonja, akaongeza chumvi. "Lakini nimekwenda ofisini kwao mara kumi na moja. Mara kumi na moja wakaniambia hakuna mtu wa jina hilo. Leo Waziri ameitikia jina lake na langu na la kwetu, redioni, nchi nzima inasikia. Asiyekuwepo haambiwi adumu. Kwa hiyo yupo."

"Mama, nilimwona. Nilikuwa juu ya tuta, nilimwona kwa macho yangu."

"Ulimwona akinyoosha mkono." Bi Mwatumu aligeuka, na uso wake ulikuwa umepata rangi, umekuwa wa yule mwanamke wa magunia mawili. "Na desturi ni yetu, si ya Waziri. Aliyefika kule anajibiwa Ametangulia. Umewaita watu wanane, si saba, ukawafundisha neno, na neno likakataa. Mara tatu, Siwatu. Ungekuwa ni wewe ungeelewaje?"

Siwatu alifungua kinywa. Ukweli alikuwa nao, ulikuwa mfupi, ungetosha kuukunjua tena ule mkeka na kumkalisha mama yake juu yake mpaka miguu ife. Aliutafuta mwanzo wa sentensi. Bi Mwatumu hakumsubiri. Alikuwa ameshajikokota mpaka mlangoni, amekinga jua kwa kiganja, anaangalia barabara ya kiwandani ambako vumbi la saruji lilikuwa likipanda, na watu waliotoka zamu walikuwa wakija mmoja mmoja.

"Wanaume wakitoka mbali huwa na njaa," alisema bila kugeuka. "Pakua, mwanangu. Yake iwe kubwa, uifunike."

Siwatu alichukua upawa, akapakua sahani tatu.